Taa ya Tusekile

Jumanne, tarehe tisa Aprili, saa nne asubuhi, ndipo nyumba ya Anyosisye ilipobomoka. Bintiye, Tusekile, alisimama mbele ya mashine ya kupima nia, ile inayowachuja wanachuo wanaogombea serikali ya wanafunzi. Wakubwa walishapitisha sheria kwamba mzazi wa kiongozi yeyote, hata wa wanafunzi, atibiwe kwanza, na mama yake alikuwa wa mia sita kwenye foleni ya kuwekewa figo.

"Kwa nini unataka uongozi?" mashine iliuliza.

Tusekile alijibu kama baba yake alivyomkaririsha jikoni wiki nzima: "Nataka kuwatumikia wenzangu."

Taa ikawaka nyekundu. Mwezi uliofuata wakamzika mama.

Siku hizi Anyosisye anasonga ugali mwenyewe, na kila siku unabaki, maana mkono wake bado unapima unga wa watu watatu.

"Mimi ndiye niliyekuponza, mwanangu," alisema jana. "Ungesema ukweli tu."

"Ningesema nataka mama apone, baba, ingewaka nyekundu vilevile. Wanaiita nia binafsi."

"Na aliyepita?"

"Mtoto wa waziri. Wazazi wake wazima kabisa. Akasema anataka kuwatumikia wenzake, taa ikawaka kijani."

Anyosisye alisonya mpaka mate yakamtoka. "Wametufanya mazuzu, hawa!" Kisha akautazama ule ugali wa mtu wa tatu ukipoa.

"Sasa niambie, Tuse. Yule ambaye kwao hakuna mgonjwa, uongozi aliutakia nini?"