Kanga Aliyekatazwa Kelele

Nje kidogo ya mji palikuwa na kijiji cha wanyama wenye nafasi zao, nyumba chache zenye bustani zilizotunzwa vizuri. Mwenyekiti wao alikuwa Pimbi, aliyependa utulivu kuliko kitu chochote. Jirani yake Kanga alikuwa na sauti kali, na kila asubuhi aliwasalimu majirani wote kwa mpigo mmoja.

"Dada Kanga," Pimbi alimwambia mkutanoni, "hapa hatupigi kelele. Mwenye neno na abishe hodi."

Kanga akaona haya, akatii.

Adhuhuri moja Chui aliingia kijijini. Pimbi aliporudi kutoka matembezini alimkuta Kanga kibarazani kwake, anahema, miguu imechubuka. Mama mzee wa Pimbi, ambaye Pimbi alimwacha akiota jua bustanini, hakuwapo tena.

"Ulimwona Chui, na hukupiga kelele?" Pimbi alilia.

"Mlinikataza, bwana mwenyekiti. Nimekimbia nikibisha hodi nyumba baada ya nyumba. Wengine wote wamewahi kujificha. Kwako ndiko nimechelewa."

Pimbi akapiga magoti. "Nisamehe, dada."

Kanga alimsamehe palepale, bila neno la lawama, na hilo ndilo lililomchoma Pimbi maisha yake yote.