Kitanzi cha Tanuri

Merle Hostetter aliubandua mchoro ukutani kabla binti yake hajamaliza kuueleza, akauchana vipande viwili.

"Watu wameona vya kutosha," alisema.

Ukumbi wa bustani ya michezo ya Laurel Grove ulifurika siku hiyo, ingawa ilikuwa Machi na theluji bado imelalia reli huko nje. Wanachama wa klabu ya wapenda rola kosta, treni za burudani zinazopanda na kuporomoka, walitoka kila pembe ya magharibi ya Pennsylvania, beji vifuani, kuamua jambo moja: kitanzi cha Tanuri kikatwe au kibaki. Bi Kessler, mwenye bustani, alikuwa ameahidi kufuata kura yao.

Tanuri, rola kosta ya bustani hiyo, ilijengwa mwaka 1977. Treni yake iliporomoka kutoka juu, ikakikwea kitanzi cha chuma, ikawageuza abiria kichwa chini miguu juu, kisha ikawarudisha wakipiga mayowe. Merle, sasa mzee wa miaka sabini na moja, ndiye aliyekichomelea kitanzi hicho akiwa kijana wa kiwandani. Na aliyetaka kikatwe ni Bethany, mhandisi wa bustani, mtoto wake wa pekee.

Bethany aliokota vipande vya mchoro sakafuni, akaviweka mezani bila haraka.

"Kile ni duara kamili, Baba. Treni ikifika chini, abiria anabeba karibu mara sita ya uzito wake. Siku hizi vitanzi huchorwa kama yai, na hapa hata nafasi ya yai hatuna. Ndiyo maana nimechora msokoto. Reli inajisokota taratibu, inamgeuza mtu bila kumkandamiza."

"Taratibu." Merle aliwageukia wenzake mwili mzima, shingo ikiwa imenyooka, kama afanyavyo siku hizi. "Mmesikia? Soseji inabiringishwa kikaangoni. Eti nako ni kupinduka."

Ukumbi ukacheka.

"Kichwa chini, miguu juu. Huko ndiko kupinduka," Bethany alisema. "Kanuni za klabu yenu zinasema hivyohivyo."

"Kanuni hizo niliziandika mimi. Usinisomee."

Dwight Yoder, rafiki yake wa tangu kiwandani, alijikohoza. "Lakini Merle, hesabu zake si mbaya."

"Dwight, kaa."

Dwight akakaa.

"Baba," Bethany akasema kwa sauti ya chini, "mara ya mwisho ulipanda lini?"

Ulikuwa mwaka wa nne Merle hapandi. Alisimama tu kwenye uzio na saa yake ya kupimia mwendo, na aliyemuuliza sababu alijibiwa kwa jicho.

Damu ikampanda usoni.

"Nilikuwa juu ya chuma kile wewe hata kuzaliwa hujazaliwa," alisema. "Ukitaka kukikata, kata. Ila usiniite baba na msumeno uko mkononi."

Bethany alifungua kinywa. Akawatazama watu wote wale, akakifunga.

Mikono ikanyooshwa. Thelathini na wanane walitaka kitanzi kibaki, wanne walitaka kiondoke, na Dwight hakunyoosha kokote.

"Umeshinda, Baba," Bethany alisema, akachukua koti lake.

Hakupiga simu wiki hiyo, wala mwezi uliofuata. Merle naye hakupiga. Aliyekosa ndiye aanze, alijiambia kila asubuhi mbele ya kahawa yake, na kila asubuhi hasira ilikuwa mbichi kama jana.

Mei bustani ikafunguliwa. Tanuri ilikuwa imepakwa rangi nyekundu mpya, na foleni ilifika mpaka kwenye vibanda vya keki za kukaanga.

"Twende, mzee," Dwight alimwambia. "Hiki ni kitanzi chako."

"Nendeni. Mimi nawahesabia sekunde."

Treni ikapita kitanzini, watu wakapiga mayowe. Merle akabonyeza saa. Bi Kessler akamjia pale uzioni na furushi la karatasi zilizoviringishwa.

"Bwana Hostetter, Bethany aliziacha ofisini. Nikaona nikupe wewe, maana amehamia Florida wiki iliyopita. Amepata kazi huko."

Merle alizipokea. Florida, na hata kuaga hakuaga. Alikwenda kwenye meza ya mbao nyuma ya kibanda, akaikunjua michoro yote. Alitaka kosa moja tu, amwonyeshe Dwight, awaonyeshe na wale wanne.

Akapekua karatasi baada ya karatasi. Nguzo alizozichomelea zilikuwa zimebakizwa zote. Msokoto ulipanda, ukajigeuza, ukashuka kwa mstari laini. Alizirudia hesabu kwa kalamu, mara mbili, na kila zilipotoka sawa alizidi kukasirika.

Karatasi ya mwisho ndipo mhandisi huandika hesabu zake amemfanyia abiria wa aina gani. Kwa kawaida huandikwa mtu mzima, mwenye afya, wa uzito wa kadiri. Bethany alikuwa amejaza kwa mkono wake:

"Mwanamume, miaka 71. Pingili tatu za shingo zimefungwa vyuma. Hukaa kiti cha mbele."