Kidoti cha Malkia

Bi Mgeni alipozikwa, picha zake zote zilijifuta siku ileile, za kwenye simu na za ukutani, kama sheria ilivyotaka. Marehemu aliyeruhusiwa kuonekana ni yule tu aliyetimiza miaka mia nne kaburini. Basi mumewe, Mzee Vuai, akaenda kuchagua malkia: Mzungu wa karne ya kumi na sita, aliyechorwa kwa rangi za mafuta, kola kama sinia, lulu mpaka kwenye nywele. Alimpendea mikono yake tu, alivyoikunja mapajani, utadhani Bi Mgeni anangoja chai ipoe.

Alimtundika sebuleni, akamtupia kanga ya marehemu mabegani, akawa anamfukizia udi kila Ijumaa. Mwishowe akachukua wanja, akamtia kidoti shavuni.

Binti yake, Riziki, alipokuja kumjulia hali, alisimama mbele ya picha akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Umempamba, baba. Ila kidoti cha mama kilikuwa shavu la kushoto."

"Ala! Uzee huu, mwanangu." Mzee Vuai akalowesha ncha ya kanga, akakifuta taratibu kama anayemfuta mtoto uji, akachora kingine upande wa pili. "Hapo je?"

"Hapo hapo," akasema Riziki, kisha akasita. "Nadhani."

Mzee akarudi nyuma kidogo, akamtazama sana. Kidoti kilipokuwa kulia, alikuwa Bi Mgeni. Na sasa kilipohamia kushoto, alikuwa Bi Mgeni vilevile.