Viganja Mlangoni

Mbele ya mlango walisimama watu wanne: fundi cherehani mwenye nyumba, mumewe, wifi yake, na jirani wa ukuta mmoja aliyekuwa akisikia kitasa kikitikiswa kila mchana, nyumba ikiwa tupu.

Asubuhi ile mume alikuwa ameupaka mlango rangi ya kijani bila kumwambia mtu, ili mwizi aache alama. Sasa alama zilikuwepo: viganja kumi na kimoja, vyote vya mkono wa kulia, vimesongamana kukizunguka kitasa.

"Kaka, mwizi gani huyu wa kujaribu mara kumi na moja?" wifi akacheka. "Au kaja kuposa?"

Fundi alikuwa ameuficha mkono ndani ya khanga tangu alipofika. Alikumbuka kutoroka kazini siku hiyo mara moja tu, kuhakikisha kwamba amefunga, kama afanyavyo mtu yeyote mwangalifu. Mara moja, hilo angeliapia.

Akasogea. Katika kila kiganja, kidole cha shahada kilikuwa kifupi, hakina ncha.

Akautoa mkono wake wa kulia wenye rangi, wenye kidole kifupi kama hicho, akauweka juu ya kiganja kimoja. Ukaenea sawasawa. Rangi ya hapo ilikuwa bado mbichi.

"Mke wangu," mume akanong'ona, "si ulisema hofu yako ya mlango ni wasiwasi tu?"

"Wasiwasi haumli mtu mchana kutwa asijue." Akawageukia wote. "Kesho nakwenda hospitali, kwa mshauri wa saikolojia. Nanyi mnisindikize, maana peke yangu nitageuka njiani nirudi kukagua mlango."