Kuchakuro na Kamba za Mgomba

Alikuwako Kuchakuro mmoja asiyejua kutulia. Mpera wake ulisongamana matawi hata jua halipenyi, ukazaa mapera madogo kama njugu. Lakini kila alipotaka kuupogoa, alishika tawi, akaliachia, akashuka, akapanda tena.

Mwishowe alimwita jirani yake Panya Buku, fundi wa kukata kwa meno. "Bi Buku, nikatie wewe. Mimi siwezi kutazama."

"Basi ondoka, mwanangu. Mapera yameisha na maua bado. Huu ndio wakati wake. Nitatoa matawi makavu, yanayosuguana, na yale yaliyosimama wima katikati kama mikuki."

Kuchakuro alizunguka huku na huko mchana kutwa. Aliporudi, akaona mbingu katikati ya mti wake. "Umeniua!" akalia. "Nimekuita kupogoa, wewe umenyoa!"

Buku akapangusa mdomo, akaenda zake.

Kuchakuro hakukaa chini. Alisuka kamba za mgomba, akaokota tawi moja baada ya jingine, akalifunga pale lilipokatwa. Upande wa mashariki tu ndio uliobaki wazi, maana kamba zilimwishia.

Mvua zikanyesha. Matawi yaliyofungwa yakaoza, yakakaribisha mchwa. Msimu ulipofika, mapera yalikuwako, makubwa ya kujaza mikono miwili, yote upande wa mashariki.

Buku akapita, akauliza, "Mwaka huu nije?"

"Njoo," Kuchakuro akajibu, mdomo umejaa. "Na uje na kamba. Kabla hujagusa mti, nifunge mimi."