Myombo wa Mwisho

Kijijini hapo, mti wenye mzinga wa nyuki haukatwi mpaka mwenye mzinga aushushe kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana myombo wa Kapera ulikuwa bado umesimama, peke yake katikati ya visiki.

"Shemeji, panda basi," alisema Nkinda, kaka wa mkewe, mchoma mkaa. Alikuja na msumeno na debe la unga. "Tanuru nalifunika leo."

"Mzinga huhamishwa usiku, nyuki wote wakiwa ndani. Saa hizi wengi wametoka kutafuta maua."

"Maua gani, shemeji? Wewe umeyaona wapi?"

Kapera alilitazama lile debe la unga. Mvua ilikuwa imekataa tena, na asubuhi ile mkewe alikuwa amewachemshia watoto mahindi ya mbegu. Alipanda. Alifungua kamba iliyofungwa na marehemu baba yake, akaushusha mzinga taratibu, kama mtu anayeshusha mgonjwa. Chini alitafuta kivuli cha kuuweka. Kilikuwepo kimoja tu, cha myombo wenyewe. Akauweka juani.

Jioni watoto walikula ugali wakashiba. Kapera alirudi kwenye kisiki.

Nyuki walikuwa wamefika. Waliupita mzinga pale chini bila kuujali, wakapaa mpaka usawa wa lile tawi lililokuwapo asubuhi, wakawa wanazunguka hewani.

"Huku chini," Kapera aliwaambia, akiugonga mzinga kwa kiganja. "Jamani, huku chini."