Pogoa au Punguza

Tangu kiharusi kimlaze, Bi Zuwena alishinda akiutazama mti wake wa mkungu kupitia dirishani. Asubuhi hiyo matawi yalikuwa yamelalia bati, na mkata miti alishapanda na msumeno.

"Mama," mkaza mwanawe, Rukia, alimwinamia, "anauliza aupogoe wote, au apunguze ncha tu?"

Punguza, alitaka kusema. Ulimi ukagoma. "Pu... po..."

"Pogoa!" Rukia alimpazia sauti yule mtu, uso umemchangamka kwa kuwa leo amemwelewa mama.

Matawi yakaporomoka. Rukia aliyaona machozi, akayafuta kwa ncha ya kanga. "Vumbi hilo, mama. Pole."

Kisha jua, ambalo halikuwahi kufika kitandani pale, likatambaa juu ya shuka mpaka machoni mwa Bi Zuwena, na mkono wa kujikinga haukuinuka.